Ndege ya Sarakasi ya Mkufunzi Ishengoma

Kabla hajapata ndege ya sarakasi, mkufunzi Ishengoma alikuwa mtu wa kawaida, yaani kwa kiwango chake. Alifundisha ufundi chuo cha ualimu, Butimba, akavaa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka mifukoni, na hakuna aliyeketi naye kidogo akaondoka bila kuarifiwa kwamba mkufunzi huyu alisoma Norwei. Kutoka huko alirudi na kisanduku chenye vijiti viwili na antena ndefu, pamoja na ndege ndogo ya mbao nyepesi iliyoruka kwa amri ya kisanduku hicho.

Ilikuwa ndege ya kujifunzia. Bawa lake lilikaa juu ya mgongo, ncha zimeinuka kidogo, na kwa umbo hilo ilikuwa na tabia moja ya kupendeza: ukikosea ukaachia vijiti, inajinyoosha yenyewe na kuendelea na safari. Ishengoma aliikosea sana, nayo ikamsamehe sana, na taratibu akaanza kuamini kwamba ule msamaha ni ustadi wake.

Siku ya kwanza iliporuka juu ya uwanja wa nyasi kando ya ziwa, Ndugu Maige, katibu wa tawi la chama, alifika akihema. Miaka ile mtu akionekana na antena ndefu ilimpasa ajieleze.

"Ndugu Mkufunzi, hicho kisanduku kinaongea na nani?"

"Kinaongea na ndege."

"Na ndege inazalisha nini?"

Ishengoma alitupa macho kwenye majaruba ya mpunga yaliyokuwa jirani. "Inafukuza kwelea kwelea," akasema.

Hivyo ndivyo mchezo wa mtu mmoja ulivyogeuka kuwa mradi wa kulinda mpunga. Kwelea kwelea wenyewe hawakuarifiwa, wakaendelea kula. Hata hivyo Maige hakutaka kubeba lawama peke yake. Alisema mgeni rasmi wa Sabasaba, atakayetoka makao makuu, ndiye atakayeamua kama kisanduku kibaki kwa mwenyewe au kifungiwe stoo ya tawi. Tangu hapo usingizi ulimpaa Ishengoma. Wako wanaopenda pombe, wako wanaopenda siasa. Yeye alipenda ile jioni ndege inapoitikia kidole chake, na bila kisanduku maisha yake yangebaki chaki na vikao.

Maige alizoea kupita uwanjani wakati wa mazoezi. Ishengoma, aliyelelewa Bukoba kwa adabu zote, hakuweza kumpa kiongozi mkono mmoja tu. Aliachia vijiti, kisanduku kikaning'inia kifuani kwa mkanda wake, akainama, akatoa mkono wa kulia na kuushikilia kwa wa kushoto, kisha akaulizia hali ya nyumbani, ya mvua na ya pamba. Huko juu ndege ikawa inazunguka kwa amani.

"Hii ndege ina nidhamu," Maige alisema, amevutiwa kupita kiasi. "Kiongozi akifika, inasubiri."

Akaagiza salamu hiyo iingizwe katika ratiba ya sherehe: ndege ikiwa angani, mgeni rasmi atasogea kusalimiana na rubani.

Ndipo kilipofika kifurushi kutoka kwa rafiki wa Norwei. Ndani mlikuwa na ndege ya sarakasi, nyekundu, bawa limenyooka katikati ya mwili kama rula. Haikuja na injini wala mitambo ya kupokea amri, kwa hiyo Ishengoma aling'oa kila kitu kwenye ndege ya zamani akakihamishia kwenye mpya. Lile gamba lililobaki aliliweka nyuma ya jiko, na kuku wa mkewe akataga humo.

Mkewe, Leonsia, hakupendezwa.

"Ba Ponsian, ungengoja kwanza Sabasaba ipite. Ile umeshaizoea."

"Ile ni ya shule ya vidudu. Mtu hawezi kukaa shule ya vidudu maisha yake yote."

"Na huyo mgeni haji kukupa mtihani. Anakuja kula wali na kupigiwa ngoma."

Ishengoma tayari alikuwa anaifuta ndege vumbi ambalo haikuwa nalo.

Jioni aliyoirusha aligundua kwamba ndege hii haisamehe. Ukiipindua, inabaki imepinduka. Ukiielekeza chini, inakwenda chini. Ilimfurahisha kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Kwa mara ya kwanza alikuwa anarusha ndege kweli, si kuisindikiza. Baada ya siku kadhaa ilipiga samasoti, ikabingirika, ikapita chali juu ya matete, naye akacheka peke yake uwanjani.

Ile salamu ndiyo iliyomkosesha raha. Akaenda kumwomba Maige isogezwe mpaka ndege itakapotua.

"Ratiba imeshapitishwa na kamati," Maige akasema. "Kwani hii mpya haina nidhamu?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini alikuwa ameisifia ndege hiyo mji mzima, tangu Igoma mpaka Buswelu, na ulimi wa mtu wa namna hiyo haurudi nyuma kirahisi.

"Inayo," akasema. "Tena zaidi."

Siku ya Sabasaba uwanja ulijaa. Ndege ilipaa, ikapiga samasoti, watu wakapiga vigelegele. Ishengoma akaipindua na kuipitisha chali juu ya maji, chini kabisa, na papo hapo mgeni rasmi, mzee mnene mwenye tabasamu, akaja akasimama mbele yake, mgongo ameupa ziwa. Akanyoosha mkono.

Kidole gumba kilihitaji nafasi ndogo tu ya kuinyoosha ndege na kuipandisha. Ishengoma alilijua hilo. Alijua pia kwamba Maige, aliyesimama nyuma ya mgeni, anakitazama kisanduku, na kwamba mkono wa mkubwa uko hewani mbele ya umati wote. Mgongo wake uliinama kabla yeye hajaamua.

"Shikamoo, Ndugu."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mvua?"

"Si msimu wake, Ndugu."

Juu ya bega la mgeni aliiona ndege ikifanya kama ilivyoagizwa, chali, ikizidi kushuka.

"Pamba je?"

"Pamba nzuri, Ndugu."

Maji yaliruka kidogo, kisha yakatulia. Waliokaa mbali walipiga makofi wakidhani nayo ni sarakasi. Leonsia alifunika uso kwa kanga.

Mgeni akageuka, akakinga macho kwa kiganja. "Imefika mbali sana. Hata siioni."

"Imekwenda, Ndugu."

"Lakini wewe ukaniamkia kwanza. Nidhamu kama hii ndiyo tunayoitaka." Akaugeukia umati. "Ndugu huyu abaki na kisanduku chake, na apewe kibali cha kudumu."

Maige ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi. Mgeni akamsogelea tena Ishengoma, akashusha sauti kidogo.

"Jumamosi ijayo tuna mgeni mkubwa kuliko mimi. Mrushie hii hii."

Machozi yalimtoka Ishengoma mbele za watu. Mgeni, akidhani ni ya shukrani, alimpigapiga begani.

"Sawa, Ndugu," Ishengoma akasema, mkono wa kushoto bado umeushikilia wa kulia.