Funda kwa Funda

Kituo cha kulelea watoto kilikuwa na sharti moja: mtoto asiyeweza kunywa kwa kikombe cha kawaida hapokelewi. Binti wa fundi viatu alimweleza baba yake kwa simu siku ya Jumapili, tena mara mbili, maana alimjua mzee wake. "Baba, nafasi imebaki moja tu, na Ijumaa wanataka jibu. Akiweza, Jumamosi nakuja kumchukua. Asipoweza wanampa mwingine, basi itabidi abaki kwako hadi mwakani."

Hadi mwakani. Maneno hayo mzee aliyamumunya kama pipi. Tangu mkewe afariki, vyumba vile viwili havikuwa na sauti ila ya nyundo yake, mpaka alipoletewa huyu mjukuu wa kike wa mwaka na nusu. Kama alitaka kubaki naye, hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa tu.

Lakini fundi ni fundi. Kazi ikiwekwa mbele yake mikono humwasha. Jumatatu asubuhi akaificha chupa ya chuchu juu ya kabati, akamimina maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akamkabidhi mtoto.

Mtoto akayamwaga kifuani. Akamiminiwa mengine, akayamwaga kichwani, akacheka.

"Wanasema samaki mkunje angali mbichi," mzee akamwambia huku akimfuta. "Mbona wewe mke wangu unanikunja mimi?"

Ndipo akatumia njia aliyowafundishia wanagenzi wake miaka yote: ana kwa ana, magoti yakigusana, fundi anatoboa tundu na mwanafunzi anatoboa lake. Akainua kikombe chake, akanywa funda. Mtoto akamkazia macho, akainua chake, akanywa funda. Kufikia Jumatano halimwagiki hata tone. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa tumbo la mzee. Kila akimaliza soli moja alikwenda msalani.

Alhamisi mteja alikuja kuulizia viatu vyake. Mzee alisimama naye mlangoni kitambo, na aliporudi alimkuta mtoto amekishika kikombe kwa mikono miwili, midomo imemkauka, hanywi, anamngoja yeye. Mzee akanywa. Mtoto naye akanywa papo hapo, kwa pupa.

Hapo akaliona kosa lake, na lilikuwa kosa tamu. Kule kituoni nani angekaa mbele ya huyu mtoto anywe naye funda kwa funda? Angeweza kumwambia binti yake kwamba bado, na usingekuwa uongo. Akashona hadi jioni, na kila akishona alimwona mtoto amekaa katikati ya wageni, kikombe kimejaa, kiu imembana, anamngoja babu ambaye haji.

Ijumaa asubuhi akamjazia kikombe, akageuza kiti, akampa mgongo.

"Bau," mtoto akaita.

Mzee hakugeuka. Akaitwa tena, safari hii kwa kilio. Akaishika nyundo ili mikono iwe na cha kufanya, akatazama ukuta. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile kwenye kiti kile. Kilio kikapungua, kikaisha. Kisha akasikia funda. Akasikia la pili, la tatu, na pumzi ndefu ya mtu aliyekata kiu.

Akasubiri aitwe. Alisubiri sana. Alipogeuka, kikombe kilikuwa sakafuni, kitupu, na mtoto alikuwa pembeni anacheza na kamba za viatu, hana habari naye.

Simu ikaita saa sita mchana.

"Enhe, Baba. Anaweza?"

"Anaweza."

"Anakunywa mwenyewe? Bila mtu?"

"Mwenyewe," mzee akasema. "Hata mimi sihitajiki."

Binti akacheka sana, akidhani baba yake anatania kama kawaida yake, na mzee akacheka naye mpaka simu ilipokatwa.