Kikapu Kisicho na Kitako

Kwa wiki tatu kikapu cha chujio kilikuwa safi, nami kila asubuhi nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Boti ni ya mama mdogo, aliyetulea. Kaka yangu huiendesha, huvusha watu ziwani. Mimi hutunza injini. Injini ile hupozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na pampu, na ziwa letu lina majani mengi kuliko samaki. Chujio la zamani lilikuwa dogo kama kikombe. Lilikuwa likiziba, injini inachemka. Ilipochemka mara ya pili, mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, ya tatu sikuvumilii. Natafuta fundi mwingine."

Niliomba, kisha nikarudi kwenye daftari langu la darasa la jioni la ufundi. Nikafunga chujio kubwa lenye kikapu cha bati la matundu na kifuniko cha plastiki angavu, ili mtu aone uchafu bila kufungua. Tulikubaliana kaka akisafishe kila baada ya safari mbili. Mimi asubuhi nachungulia tu kwa juu. Sikuwahi kufungua. Kaka ni mkubwa wangu. Kufungua alichofunga ni kumwita mwongo.

Jumatano injini ilichemka katikati ya ziwa, mvuke ukapanda hadi kwenye viti.

"Fundi, chai imeiva?" abiria mmoja aliuliza.

"Usisahau sukari!" mwingine akadakia, wakacheka, ingawa walikuwa wameshika maboya.

Tulivutwa hadi gatini. Mama mdogo alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Kaka aliruka wa kwanza.

"Mama, nilikwambia mimi. Hilo dude lake la darasani ndilo linaloua injini."

Mama mdogo alininyooshea kiganja. "Nipe ufunguo wa sanduku la vifaa."

Nikampa. "Naomba nifungue mbele yako kwanza, mama. Halafu nitaondoka."

Pampu ilikuwa imejaa majani, mapezi yake ya mpira yanayosukuma maji yamekatika. Sikuelewa. Majani yamepitaje kwenye kikapu? Nilikitoa, nikaingiza mkono kukisafisha, mkono ukatokea upande wa pili.

Kitako hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi wa bati, mviringo mzuri kabisa, na kingo zimepigwa tupa zisimchome mtu. Tupa ile ni mimi niliyemfundisha kaka kuishika. Kama angekuwa amekivunja kwa hasira ningeumia kidogo tu. Lakini alikaa, akapima, akakata, akalainisha, kisha akanisikia nikishukuru asubuhi zote zile, akaitikia, "Amina."

"Kaka?"

Alitazama maji. "Kila nikifungua hicho kidude kukisafisha, wenzangu wa boti nyingine wananipita na abiria."

"Ungeniambia."

"Ungenihubiria."

"Basi ukaona afadhali nifukuzwe?"

Mama mdogo alikigeuza kikapu, akachungulia kupitia tundu lile, akamwona mwanawe wa kwanza kulea upande wa pili. Sikuona hasira usoni pake, niliona uchovu. Alinirudishia ufunguo.

"Ninyi ni ndugu, mtajuana," alisema. "Kesho boti ivushe watu."

Nikasubiri amwambie kaka neno. Hakumwambia.

Nilibadilisha mapezi, nikatengeneza kikapu kipya, nikakifunga. Kisha nikapitisha kufuli ndogo kwenye kifuniko. Kuanzia sasa nitapanda kila safari, nisafishe mwenyewe. Kaka alikuwa amekaa kwenye usukani, akinitazama.

"Kufuli? Hata kwangu mimi, mdogo wangu?"

"Kwako wewe, kaka. Wengine hawajui chujio liko wapi."

Jioni nilipiga magoti kama kawaida. Nilimwombea mama mdogo, nikawaombea abiria. Nilipofika kwenye jina la kaka nilinyamaza, na mpaka leo, Mungu anisamehe, bado sijaweza kulitamka.