Maungamo ya Katli'n

Ngaa. Ngaa. Ngaa. Chuma kilikuwa kinagonga chuma. Te'les aliusikia mlio huo tangu koridoni, akakaza mwendo. Wodini akamkuta mama yake, Katli'n, amefungwa mikono kwa mikanda; kila akijaribu kuinuka, bizimu za mikanda zilijigonga kwenye chuma cha kitanda.

"Alikuwa anapayuka," nesi alisema.

"Hapayuki. Anasema Kimi'kmaw, lugha yetu, anatuita wanawe," alijibu Plansue, kaka yake Te'les, aliyetangulia kufika. Akaigusa kadi ya kitanda: *Katerini, Mikmaki.* "Ona, dada. Jina la taifa letu zima wameliandika kama dawa ya chawa."

"Wewe, toka. Mgeni ni mmoja tu, na aliyetia sahihi fomu za mgonjwa ni huyu dada," nesi alimwambia.

"Mama anakufa, nesi. Kwetu anayekufa huwaeleza watu wake alichowakosea, nao wakamsamehe ndipo aende. Huyu dada yangu haielewi lugha yetu."

"Binti asielewe lugha ya mama yake?" Nesi alicheka. "Kamdanganye mwingine!" Akamwita mlinzi. Plansue alitolewa kwa kukokotwa, kola ikimkaba.

Te'les alikuwa na miaka sita lori la shule ya bweni lilipokuja kijijini kuchukua watoto. Plansue alikimbilia msituni. Te'les, mama alimfunga vifungo vya koti, akampandisha lorini kwa mikono yake mwenyewe. Shuleni kila neno la nyumbani lilikuwa na kiboko chake, mpaka maneno yakamwishia. Miaka thelathini amemngoja mama aseme kwa nini.

Sasa mama alisema. Alisema taratibu, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta. Te'les alilitambua jina lake, mara tatu. Mengine aliyasikia kama mtu asikiavyo majirani nyuma ya ukuta. Kisha mama akamkodolea macho. Alikuwa anangoja jibu.

"Nesi, nakuomba, mrudishe kaka yangu. Dakika mbili tu."

"Muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Na wewe jiandae kuondoka."

Mama alisema tena, maneno machache, yaleyale, sauti ikikatika. Lilikuwa ombi, hilo hata mgeni angelijua. Te'les akakishika kiganja kilichofungwa, akajibu kwa lugha ya shule, ambayo mama hakujua hata neno lake moja:

"Nimekusamehe, mama. Na hilo uliloniomba, nakuahidi, nitalifanya."