Milimita Tatu

Kuna wateja wanaokuletea kazi, na kuna wateja wanaokuletea boksi. Optatus ni wa boksi. Mwezi wa tatu alikuja nyumbani kwangu Mtanda na kiboksi cha plastiki kisichozidi kiganja, akakitua mezani na kusema, "Dada Umi, haya nimeshanunua arobaini. Nichoree bodi itakayoingia humu."

Mtu mwenye akili zake anaanza na bodi, ndipo anatafuta boksi. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, nami nikaichukua kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kifaa cha kuwasha pampu ya maji. Vijiti viwili vya chuma vinaning'inia ndani ya tangi. Maji yakishuka, bodi inajua na kuwasha pampu, yakijaa, inaizima. Mimi naichora bodi kwenye kompyuta: napanga vipuri, navuta njia za shaba kutoka kimoja hadi kingine, kisha natuma mchoro kiwandani ng'ambo na bodi zinarudi kwa posta. Bodi ya namna hii ina pande mbili zisizotakiwa kukutana. Upande mmoja unapita umeme wa ukutani, ule unaoua. Upande wa pili ni umeme mdogo wa vile vijiti, na vijiti vimo majini. Katikati unaacha mwanya mtupu. Kwa pwani yetu hii, ambako chumvi inakula hadi vitasa vya milango, mimi naacha milimita nane.

Kwenye boksi la Optatus milimita nane hazikuingia. Nilihangaika siku mbili, nikigeuza vipuri huku na kule, naye akipiga simu kuuliza nimefika wapi. Siku ya tatu nikachoka, nikaacha milimita tatu. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba ni bodi mbili tu za majaribio na zitatolewa mapema. Kujidanganya mwenyewe nakuweza sana.

Bodi moja Optatus aliifunga kwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko, ufukweni kabisa. Ya pili aliipeleka Songo Songo, kwenye tangi la msikiti ulio jirani na nyumba ya mama yangu mdogo, Esha.

Wiki tano baadaye, Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, Optatus akaingia na ile ya nyumba ya wageni mkononi.

"Inajizima ovyo," alisema. "Itazame, halafu unipe mchoro wa zile arobaini. Nataka ziagizwe leo."

Nilifungua skrubu nne, nikainua mfuniko. Kwenye ule mwanya palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama doa la chai, umetambaa kutoka upande wa ukutani hadi upande wa vijiti. Chumvi na unyevu vilishajenga njia, na umeme ulishaanza kupita humo na kuiunguza.

"Ya Songo Songo bado ipo?"

"Ipo, tena inafanya kazi vizuri. Hiyo sijapata lawama hata moja."

"Leo Ijumaa, Optatus."

Hakuelewa. Ni Mkatoliki wa Kipatimu, kwa hilo simlaumu. Nikamweleza kwamba saa sita na nusu wanaadhini. Kabla ya hapo wanaume wa mtaa mzima wanakaa peku kwenye sakafu iliyolowa, wameshika mabomba ya chuma, wanatia udhu. Kama bodi ya kule imefanya kama hii, mabomba yale yana umeme. Nikamwomba namba ya mtunza tangi.

Simu yake ilikuwa mkononi, lakini hakuifungua.

"Subiri kwanza," alisema. "Ukimwambia mtu mmoja kule, jioni Kilwa nzima wanajua. Nani atanunua hizo arobaini? Jumatatu natuma fundi, anabadilisha kimya kimya."

"Jumatatu watakuwa wameshazika."

Nilimpigia mama mdogo Esha. Haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Mara ya tatu nikaambiwa haipatikani. Nilisogea dirishani, nikatoka barazani, nikarudi, napiga tu. Optatus alikaa kitini, akiitazama saa ya ukutani. Nilimchukia, na nilijichukia mimi zaidi, maana boksi lilikuwa lake lakini mkono uliochora ulikuwa wangu.

Saa sita na dakika nane akapokea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Kimbia msikitini. Mwambie mzee Hussen, mtunza tangi, azime meni swichi. Mtu asiguse maji, yana umeme."

"Saa hizi? Kule wapo wanaume tu, wanatawadha. Mie nikasimame wapi?"

"Simama mlangoni, uite."

"Watasema Esha kachanganyikiwa."

"Waache waseme. Kimbia, mama, nakuomba."

Nikasikia kandambili zake zikipiga mchanga, pumzi yake, mtu akimuuliza kuna nini naye asijibu. Kisha nikasikia wanaume wanazungumza na maji yanatiririka. Sijapata kuogopa sauti ya maji maishani mwangu, siku hiyo niliiogopa. Esha akaita jina la mzee Hussen mara tatu. Akaeleza. Mtu akacheka.

Mzee Hussen ndiye muadhini pia. Alichukua simu.

"Swichi ni moja hapa, binti yangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Nikiizima hiyo, spika nayo inakufa, na leo Ijumaa. Kifaa hiki katuletea bwana Optatus, naye hajasema kitu."

Nilimnyooshea Optatus simu aseme yeye. Akatikisa kichwa.

"Mzee, testa ya kupimia umeme unayo?" niliuliza.

"Haikosi mfukoni."

"Vaa kandambili. Watu wote wasogee. Gusa bomba kwa ncha ya testa, mkono wako usiguse bomba lenyewe."

Nikamsikia akiwasogeza. Mmoja akalalamika kwamba amebakiza mguu mmoja, ngoja amalize. Mzee akamwambia auache huo mguu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa nguvu hadi vidole vinauma.

"Imewaka," alisema mzee Hussen.

"Gusa la pili."

"Na hili limewaka." Akageukia watu. "Tokeni. Wote tokeni, tokeni kwenye maji."

Nikasikia vishindo, ndoo ikianguka, mtu akisoma istighfari kwa sauti. Kisha mlio mdogo wa swichi. Esha akasema yuko salama, wote wako salama, wengine wamekwenda kuchota kisimani. Nililia hapo hapo mbele ya Optatus, bila kujali.

Baada ya muda mzee Hussen akarudi kwenye simu. Alizungumza taratibu.

"Alfajiri mimi ndiye wa kwanza kufika hapa. Wiki ya pili sasa, nikishika bomba mikono inakufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Nilidhani ni uzee. Nimeshamwambia mke wangu kwamba siku zangu zinakwisha, tumeshapanga hadi maneno ya kuwaachia watoto."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nakuuliza tu. Huko kuchora kwako, jambo hili lilikuponyoka, au ulilijua?"

Optatus alikuwa amesimama, kidole mdomoni. Ningeweza kusema ni chumvi. Ningeweza kusema ni kiwanda, na hakuna mtu kisiwani angeweza kunibishia.

"Nililijua," nilisema.

Nilisikia watu nyuma yake wakiulizana saa.

"Haya," alisema. "Ngoja nikaadhini kwa mdomo."

Nikamsikia akimwambia Esha, "Alilijua," akamrudishia simu. Mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kuagana nami bila kuniombea dua, aliipokea, akakata.