Gumba la Baba Generosa

Paskazia alifuta kidole gumba kwenye khanga, akakibandika tena kwenye mashine. Mashine ikalia, ikamkataa.

"Jaribu cha kushoto, Mama Generosa," alisema Fredy, mtendaji wa kijiji.

Cha kushoto nacho wapi! Kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kulishakula mistari yote ya vidole vyake. Wanawake wa kitongoji cha Mlimani wote walikuwa hivyohivyo, na ndio waliokuwa wakifuata maji mbali kuliko wote. Siku hiyo kijiji kilipiga kura kwa kishikwambi hicho kinachosoma alama za vidole: kisima kichimbwe Mlimani, au kwenye karasha la Gregory, mwenye machimbo, linalosaga mawe mchana kutwa.

"Hivi inaona nini kidoleni?" Paskazia aliuliza, akichungulia kioo. Fredy hakujua. Akamwomba apishe foleni. Eti mashine ya kisasa!

Nyuma yake walisimama wachimbaji waliofukiwa duarani mwaka jana, shimo hilo la dhahabu la Gregory lilipoporomoka, wasitolewe tena. Matope yalikuwa bado kichwani. Wa kwanza alikuwa mumewe, Maduhu. Watu wakawasogezea nafasi. Majina yao hayakuwa yamefutwa daftarini, kwa hiyo Fredy akawapa mashine. Maduhu akaweka gumba, mashine ikamshukuru kwa sauti ya kike.

Paskazia akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imerudi yote, mizuri, kama ya mtoto.

"Huko hakuna kazi," Maduhu alieleza.

"Lakini umechagua Mlimani?"

"Karasha."

"Mayu wane! Na mgongo wangu huu, Baba Generosa? Na mwanao anayeamka alfajiri kufuata maji?"

"Gregory ametuahidi. Akishinda atatufukua, tuzikwe kama watu." Maduhu alitazama chini. "Kule kuna baridi, Mama Generosa."

Hasira zikamwishia Paskazia, kidole bado amekishika.

Karasha likashinda. Fredy alitangaza matokeo palepale, na kila mtu akasifu wepesi wa mashine.

Wiki iliyofuata lilikuja gari la kuchimba visima. Likapita kando ya lile duara bila kusimama, likafunga mitambo kwenye karasha. Ardhi ikatetemeka mpaka Mlimani. Paskazia alikuwa anaponda mawe Maduhu alipotokea, uso umechangamka.

"Unasikia? Wameanza kutufukua."

Paskazia akaweka nyundo chini.

"Nasikia," alimjibu, akamsogezea jiwe akae.