Mkanda wa Kikapu

Jumamosi moja mwezi wa Mei, Kepher aliingia dukani kwa Weldon pale Litein akiwa na gitaa lake la besi na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Alikuwa amelinunua hapo hapo Februari, kwa ajili ya kwaya ya kanisa, na sasa shingo yake ilikuwa imepinda hata nyuzi hazishikiki.

Weldon alililaza mezani, akalikagua bila haraka. "Huu mkanda umetoa wapi?"

"Ni wa mama, wa kikapu. Gitaa ilikuja bila mkanda, nikamnunulia yeye mpya."

Mama yake, Eucabeth, alikuwa amebeba majani chai kwa mkanda huo kwa miaka ishirini na sita katika shamba moja karibu na Mogogosiek. Weldon aliitikia kwa kichwa. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza akodioni ya mzee mmoja iliyoshikwa na pumu.

"Basi imebeba chai," alisema. "Ukitoa huo mkanda itanyooka. Lakini mzigo utarudi kwa mwenyewe."

Kepher alikumbuka kwamba tangu Machi mama yake alikuwa akirudi nyumbani wima, akiimba, na sufuria za rafu ya juu alizifikia mwenyewe. "Usitoe," alisema.

"Nikiandika ukweli, kampuni itakataa." Weldon akaandika: kasoro ya kiwandani. Baada ya wiki mbili shingo mpya ililetwa kutoka Nairobi, na Kepher, kwa furaha, akampelekea fundi samaki wakavu.

Shingo hiyo ilidumu hadi Agosti. Iliyofuata ilidumu hadi Novemba, mvua ilipochipusha chai. Kila Jumapili besi ilinyooka kabisa, kwa kuwa Jumapili hakuchunwi.

Wakati huohuo Janeffer, muuguzi wa zahanati ya shamba, alimpima Eucabeth, akaandika kwamba mgongo hauna shida, akafunga faili la malalamiko yake ya mgongo lililokuwa limengoja jibu miaka minne. Msimamizi aliposoma hayo alimwongezea mistari miwili ya kuchuna. Kepher alikwenda ofisini kuuliza kama mgongo wa mama yake una waranti yoyote. Karani alimtafutia kwa heshima kwenye droo zote tatu.

"Za mashine ziko," alisema. "Za watu hatujawahi kuletewa."

Februari waranti ikaisha. Weldon alifunga shingo ya mwisho, akakataa samaki.

"Nirudishie mkanda wangu," Eucabeth alimwambia mwanawe. "Gitaa ni yako, mzigo ni wangu."

"Acha tu, mama. Nitaipiga hata ikipinda."

Jumapili Eucabeth alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Weldon na kampuni ya Nairobi, kisha akaushukuru mti uliotoa zile shingo, popote ulipokuwa umeota.

"Miaka hii yote mimi ndiye nabeba," alisema. "Sijawahi kubebewa." Waumini waliitikia amina, na kwaya ikaendelea.

Jumatatu alikwenda kuchuna mistari yake pamoja na ile miwili ya kuongezewa. Ilipofika saa nne, besi iliyotundikwa ukutani ikaanza kuinama. Kepher aliishusha, akalegeza nyuzi, akailaza kitandani mwake na kuifunika blanketi.