Mazishi ya Jemedari Kwato

Kwa masikitiko makubwa ninaeleza jinsi Jemedari Kwato, nusu mtu nusu farasi, alivyofariki dunia Jumamosi moja alasiri ndani ya karakana ya useremala, baada ya bweni letu kumaliza kufua.

Mchezo wenyewe ulitufikia Songea katika sanduku la vitabu vya msaada, mwaka ule maduka ya mjini yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi. Sandukuni mlikuwa na kitabu chenye kurasa pungufu, ramani, na dadu tatu. Kila mchezaji ana shujaa wake. Anasema shujaa anafanya nini, kisha dadu zinaamua. Kajetani, aliyetuzidi wote Kiingereza, alikuwa msimulizi na hakimu. Sheria yake moja ilitutia hofu: shujaa akishazikwa, mwenyewe harudi mezani mpaka muhula uishe. Na asiye na klabu Jumamosi hupalilia mahindi ya shule. Siku Kwato alipofariki, zilibaki Jumamosi kumi na moja.

Shujaa mwenye farasi alirusha dadu mbili vitani. Wa miguu, moja. Wenzangu walihangaika kutafuta farasi. Mimi nikachagua kuwa sentauri, ndiye huyo Jemedari Kwato.

"Mpanda farasi ni nani?" Kajetani akauliza.

"Mimi."

"Na farasi?"

"Mimi vilevile. Nimejipanda."

Alitafuta jibu kitabuni, ukurasa haukuwepo. Kwa wiki tatu nilidai dadu mbili, migao miwili ya chakula, na nafasi mbili kwenye mtumbwi. Zamu ya ulinzi niliikataa, nikieleza kwamba nusu yangu ni mnyama na haina akili. Salum wa Nakapanya alitaka kujua ni nusu ipi.

Jumamosi ya msiba tukafika kwenye daraja la kamba.

"Wenye farasi washuke, wawavushe taratibu," alisema Kajetani.

"Mimi nitashukaje? Navuka kwa mbio."

Nikarusha. Moja, na moja. Kamba zikakatika.

Kajetani hakuficha furaha yake. "Marehemu ameokotwa mtoni. Tunazika sasa hivi. Salum, chimba."

"Nimeshachimba," alisema Salum, ambaye hata kupiga deki huwa anabembelezwa.

Hapo akainuka Jeremia. Jeremia ni Mhehe wa Iringa, mtani wangu. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi matusi na misiba. Alipanda mezani, akalala chali juu ya ramani, mikono kifuani.

"Nimeingia kaburini," akasema. "Huyu mla panya hazikwi mpaka nilipwe."

"Shuka, bwana. Huu ni mchezo."

"Na utani ni nini?"

Kajetani ni Mngoni kama mimi. Alijua vizuri kwamba mazishi yetu hayasogei mtani akiwa shimoni, hata awepo padre. Akashusha pumzi.

"Haya, unataka nini?"

"Farasi wake."

"Farasi kafa."

"Mtani halipwi mzoga. Nataka mzima, anayetembea."

Nilitaka kumbusu mtani wangu. Kajetani aliniangalia, akamwangalia Jeremia pale alipolala, na taratibu uso wake ukajaa amani ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Sawa. Farasi alizimia tu. Kuanzia leo ni wako."

"Na hiki kilichoota mbele?" Salum akauliza, akininyooshea kidole.

"Kitamfuata farasi."

Kwa hiyo sikuzikwa, wala sikushika jembe. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mezani, mahali pangu pale pale, nikiwa na Mhehe mgongoni. Dadu mbili zilikuwa zake, kwa kuwa ndiye mpanda farasi. Mimi sikuwa na hata moja. Tulipopanda mlima wa tatu nikaomba, kwa heshima zote, tupumzike kidogo.

Jeremia alimgeukia hakimu. "Farasi anasema nini?"

Kajetani alikifungua kitabu, akakifunga.

"Farasi," akasema, "hasemi."